Ngoja Kalamu

Daftari lilirudi kwangu siku tuliyomzika Mzee M'Ikiara, hapa Ruiri, mwezi uliopita. Binti yake Kananu alinivuta kando ya masufuria ya chai akanitia mkononi kitu kilichofungwa kwa mfuko wa karatasi wa unga. "Dada Karimi, Baba alisema hiki ni chako. Akasema usikifungue mbele ya watu, utawamwagia chai." Nikakibana kwapani nikaendelea kukoroga, kwa sababu watu walikuwa wengi na maziwa yalikuwa karibu kufurika. Lakini nilijua ni nini. Mkono haukisahau kitu ulichokishika kila Jumatano mwaka mzima. Lilikuwa daftari lile la jalada la bluu ambamo niliandika maombi ya kanisa letu mwaka ule lilipotaka kugawanyika, na ambamo kwa herufi moja nilikaribia kuligawanya mimi.

Naandika polepole. Nilisoma hadi darasa la nane, na tangu wakati huo mwalimu aliniambia mkono wangu ni mzuri ila unatembea kama kinyonga. Ukurasa huu mmoja umenichukua tangu nilipokamua ng'ombe hadi jua likafika dirishani. Zamani nililionea haya jambo hilo. Siku hizi silionei, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nafanya kazi kwenye posho mill ya hapa sokoni. Kazi yangu ilikuwa kupima mahindi na kuandika jina la mwenyewe juu ya gunia, ili unga wa mtu usiende nyumbani kwa mwingine. Nilikuwa siongei. Mtu akinisalimia nilijibu kwa kutazama ratili. Kelele za mashine zilinifaa sana, maana hakuna aliyetarajia jibu. Siku moja Mchungaji Njeru alileta debe zake mbili, akasimama akisoma yale magunia moja baada ya jingine kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. "Ni nani anaandika hapa?" aliuliza kwa sauti kubwa. Mwenye mashine akanielekezea kidole cheupe kwa unga. "Ni huyu. Lakini Pasta, huyu haongei." Mchungaji akacheka. "Mimi sihitaji aongee. Nina watu wa kuongea hadi wamezidi."

Hilo lilikuwa kweli. Kanisa letu lilijengwa na Wameru wa hapa, watu waliobeba mawe kwa migongo kutoka mtoni. Kisha barabara ikaja, mashamba makubwa ya ngano yakaajiri watu, na soko likakua. Wakaja Waembu na Wakikuyu wenye maduka, Wakamba wachonga mawe, na familia za Waturuki, yaani Waturkana, kutoka upande wa Isiolo. Wote waliingia kanisa letu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Wageni wakataka ibada iwe ya Kiswahili, ili nao wajue wanaitikia nini. Wazee wakasema kanisa hili lilijengwa kwa Kimeru na litaomba kwa Kimeru. "Mawe hayajui lugha," alijibu Mama Akiru, Mturkana mmoja mrefu aliyeongoza nyimbo kwa sauti iliyotetemesha mabati. Jibu hilo lilirudiwa sokoni wiki nzima, wengine wakilicheka, wengine wakilitemea mate. Mwishowe likaja pendekezo kwamba wageni wapewe nusu ya viti waende wakajenge kanisa lao kwenye ploti iliyo ng'ambo ya barabara. Mchungaji Njeru, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Embu na kwa hiyo kila upande ulidhani yuko upande mwingine, hakusema hapana wala hakusema ndiyo. Alisema tutaomba kwanza. Mwaka mmoja, kila Jumatano saa tisa, watu wa pande zote katika chumba cha wazee, tumwulize Mungu njia. Na kila ombi liandikwe, lisomwe Jumapili, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Hicho chumba cha wazee naweza kukichora hata sasa. Kilikuwa nyuma ya madhabahu, na mlango wake ulimlazimu hata mtu mfupi ainame. Kulikuwa na mabenchi matatu, ubao mweusi wa watoto wa Sunday school, na jiko la makaa ambalo juu yake mke wa mchungaji aliweka sufuria ya uji wa wimbi. Mzee M'Ikiara, mwenyekiti wa wazee, alikuja kila mara na viazi vitamu viwili mfukoni mwa koti. Alivivunja vipande kwa vidole, akampa kila aliyekaa karibu, na cha mwisho kilikuwa changu. "Kula, mwari wakwa," aliniambia, yaani binti yangu. "Kalamu haiendi na njaa." Mimi nilikaa kwenye kona chini ya ubao, daftari juu ya magoti. Mchungaji alikuwa amelinunua Makutano pamoja na kalamu mbili, moja ya akiba.

Jumatano ya kwanza ilikuwa fujo. Mchungaji alifungua kwa lugha yake bila kufikiri, "Tuvoye," yaani tuombe, na Kinoti, kijana wa kwaya aliyetoka Kanyakine na aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akilipwa, akadakia, "Pasta, hapa turomba. Kama ni kuvoya, hiyo ni ya Embu." Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuomba wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake na kila mmoja akimpandia mwenzake sauti, na mimi nikaandika maneno mawili kisha nikakwama, machozi yakinitoka. Mchungaji aliona. Akagonga benchi kwa kiganja. "Tutafanya hivi. Mtu mmoja aombe sentensi moja, kwa Kiswahili, hata kama ni kibovu. Akimaliza, tungoje Karimi ainue kalamu. Halafu mwingine." Mzee M'Ikiara akauliza, "Na kama anachelewa?" Mchungaji akasema, "Basi tutachelewa naye. Ngoja kalamu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mtu alisema, "Bwana, uwaguse hawa wazee wenye mioyo migumu," kisha ilimbidi akae kimya akinitazama nikiandika m-i-g-u-m-u, wazee wenyewe wakiwa mbele yake wakipuliza uji. Ukimya huo ulikuwa mrefu. Niliona watu wakibadilisha nia katikati yake. "Karimi, ungeweza kufuta hiyo 'migumu'? Weka 'iliyochoka'." Mara nyingine mtu alifungua mdomo kumjibu mwenzake, akaambiwa ngoja kalamu, na kalamu ilipoinuka lile jibu lilikuwa limepoa. Mama Akiru aliniambia baadaye kwamba katika ukimya huo ndimo alimojua kwamba Mzee M'Ikiara ana pumu, kwa sababu alimsikia akipumua. Miezi minane ilipita hivyo. Sikujua kwamba wepesi ungekuwa na madhara, kwa kuwa sikuwahi kuwa nao.

Siku niliyoharakisha ilikuwa ya maharagwe. Tulikuwa tumevuna, na kila nyumba ilikuwa imeanika maharagwe uani, juu ya turubai na magunia. Saa tisa unusu mawingu yakateremka kutoka mlimani, meusi, wakati ambao hakuna aliyetarajia mvua. Tulikuwa watu sita tu chumbani. Mchungaji alikuwa amesafiri Embu kwenye maziko, na Mama Akiru hakuja. Kila mtu alitazama dirisha. Mzee M'Ikiara ndiye aliyekuwa wa mwisho kuomba. Alifumba macho akasema polepole, "Bwana, tufundishe tugawane hii nyumba ambayo mawe yake niliyabeba na mgongo." Mikono yake, nilipoitazama, ilikuwa inavunja kiazi. Radi ikapiga. Kinoti akaruka. "Karimi, aki ya Mungu, ukimaliza hiyo sentensi Yesu atakuwa amerudi, na maharagwe yangu yameota!" Wote wakacheka, hata Mzee. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaandika upesi. Nikafunga daftari, tukakimbia.

Jumapili mchungaji alisimama akasoma maombi ya wiki kama kawaida. Alipofika la mwisho alisita, akasogeza kitabu karibu na macho, akasoma kilichoandikwa. "Bwana, tufundishe tugawanye nyumba hii, ambayo mawe yake niliyabeba kwa mgongo." Nilisikia kosa kabla hajafika kwenye mawe. Tugawane, tugawanye. Mkono wangu uliokuwa ukikimbilia maharagwe ulikuwa umetia y pale ambapo mzee hakuitia, na ombi la kutumia nyumba pamoja likawa ombi la kuikata vipande. Hakukuwa na haja ya kutaja jina. Kila mtu alijua ni nani aliyebeba mawe. Kanisa likawa na ule mnong'ono wa nyuki waliochokozwa. Mama Akiru akasimama, akamfunga mtoto mgongoni bila haraka, akasema neno moja, "Tumesikia," akatoka. Nyuma yake wakatoka watu wa mabenchi manne. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na nguzo. Nilibaki hapo hadi ibada ikaisha.

Baada ya ibada nilikuwa naosha vikombe nje ya chumba cha wazee, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mchungaji akiuliza, "Mzee, ulisema hivyo kweli?" Mzee akauliza, "Imeandikwa?" "Imeandikwa." "Basi nilisema." "Mzee, fikiri vizuri." "Pasta, mimi Kiswahili changu ni cha kuuzia mbuzi Isiolo. Labda mdomo ulipita njia nyingine. Kinoti alikuwa hapo, si umwulize?" Kinoti, aliyekuwa nao humo chumbani, akasema, kwa sauti isiyo na mzaha kabisa, kwamba naye alikumbuka neno lilikuwa hilohilo. Hakusema uongo. Alikuwa na maharagwe masikioni, na kwa muda mrefu alikuwa anatazamia mzee aseme jambo kama lile. "Sasa ulitaka kusema nini?" mchungaji akauliza. Nikamsikia Mzee akisema, "Nilichotaka kusema hakikuandikwa. Wacha tu." Mzee M'Ikiara hakujua kusoma. Aliheshimu maandishi kama watu wengine wanavyoheshimu daktari, na daftari liliposema neno moja na kumbukumbu yake neno jingine, aliamini daftari.

Nilinyamaza Jumatano tatu. Naziandika hapa bila kuzipamba, kwa maana hizo ndizo nilizojifunza kwazo. Kila Jumatano Mzee alikuja, akakaa mahali pake, akavunja viazi. Zamu yake ilipofika alisema, "Ruka." Alikuwa ameacha kuomba kwa sauti, mtu aliyeomba kwa sauti tangu kabla sijazaliwa, kwa kuogopa mdomo wake mwenyewe. Kipande changu cha kiazi nilikitia mfukoni, na nyumbani nilimpa kuku. Ng'ambo ya barabara wageni walichimba mashimo ya nguzo, na mabati kumi na mawili yakaletwa na punda. Nami niliomba. Niliomba Mungu amtume mtu mwingine aseme. Nilimtajia hata majina: amguse Kinoti akumbuke, amguse mke wa mchungaji. Nilimwambia anajua jinsi nilivyo. Kwa miezi minane nilikuwa nimeandika watu wakiomba kuonyeshwa njia, na sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuonyeshwa na bado akaendelea kuomba aonyeshwe.

Jumatano ya nne mchungaji aliwaita watu wote, waliobaki na waliotoka, waje waombe mara ya mwisho kisha wagawanye viti kwa amani. Chumba cha wazee hakikuwatosha, tukahamia kanisani, na ubao mweusi ukabebwa ukaegemezwa madhabahuni ili nihesabu viti juu yake: hivi vya huku, hivi vya kule. Mama Akiru alikuwa mbele, mtoto mapajani. Mchungaji akanipa chaki. Nikasimama, nikawapa watu mgongo, jambo lililonisaidia sana, na badala ya kuandika viti nikaanza kuandika lile neno. Niliandika kwa herufi za magunia, kubwa. T. U. G. Nyuma yangu mtu alisema, "Anaandika nini huyu?" na mwingine, nadhani kwa mazoea tu, akajibu, "Ngoja kalamu." Kanisa lote likanyamaza likingoja. Nilipomaliza TUGAWANYE nikatia mate kwenye kidole gumba nikafuta Y. Palibaki pengo, N na E zikiwa zimeachana kidogo. Nikageuka.

Waliojua kusoma walielewa, na niliona kuelewa huko kukitembea kutoka benchi hadi benchi. Lakini Mzee M'Ikiara alikuwa ananyoosha shingo akitazama ubao kama anavyotazama mtu barua ya mwenzake. "Mwari wakwa," akasema, "imesema nini?" Basi ubao haukunisaidia kitu. Mtu mmoja tu katika kanisa lile ndiye aliyestahili kuelezwa, naye alihitaji mdomo wangu. Nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, kisha ikanenepa. "Mzee, wewe ulisema tugawane. Nilikusikia. Mimi ndiye niliyegawanya."

 Mzee akacheka, kicheko chenye pumu ndani yake, akajipiga paja. "Kumbe Kiswahili changu ni kizuri!" Sijawahi kusikia kanisa likicheka vile. Kinoti alisimama akasema kwamba yeye ndiye aliyenikimbiza kwa sababu ya maharagwe, na kwamba maharagwe yenyewe yalinyeshewa vilevile, "kwa hivyo Mungu ameshanichapa, msinichape tena." Mama Akiru hakucheka. Alingoja kelele ziishe, akasema, "Hiyo herufi ni ndogo. Sisi tuliiamini haraka kwa sababu tulikuwa tumeingojea. Mzee, miezi minane nimekula kiazi chako. Ningekuja kukuuliza nyumbani. Sikuja." Mzee akajibu, "Na mimi ningekuja kukwambia. Sikuja." Halafu akafumba macho, hapohapo alipokaa, akaomba kwa sauti, kwanza kwa Kimeru, kisha ile sentensi yake yote kwa Kiswahili, tugawane, akilitamka kila silabi kama anayepanda mbegu. Mama Akiru akaitikia kwa Kiturkana. Hakuna aliyemwuliza maana yake.

Nisije nikaonekana nasema kila mtu alibaki. Familia mbili za wazee zilienda kanisa la kule chini na hazikurudi, na wachonga mawe watatu walishajitafutia pengine. Lakini viti havikuhesabiwa siku ile. Baadaye tulikubaliana kwamba mtu ataomba kwa lugha ya mama yake na masomo yatakuwa ya Kiswahili, na yale mabati kumi na mawili yakawa paa la jikoni, ambako ndiko nilikokuwa nakoroga chai mwezi uliopita. Wiki iliyofuata Mzee M'Ikiara alinifuata kwenye posho mill bila mahindi. Alisimama karibu na ratili mpaka mashine ikazimwa. "Nifundishe hiyo herufi," akasema. "Nataka nikikutana nayo tena niitambue." Nikamfundisha y kwanza, kabla ya a, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoitaka. Tulianza kwa chaki juu ya mlango wa mashine, na ilipofika wakati wa kushika kalamu nikampa daftari lenyewe, kurasa za mwisho zilizokuwa hazijaandikwa.

Nililifungua nyumbani baada ya maziko, nimekaa peke yangu, chai ikiwa mbali. Ukurasa wa ile Jumatano ya maharagwe una tundu dogo, kwa sababu siku ya ubao niliporudi nyumbani niliifuta Y ya daftari kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Nyuma, kurasa za mwisho, ni mkono wake. Kuna mistari minne ya y, moja baada ya nyingine, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kwa mguu mmoja, na kila moja ameikata kwa mkwaju. Chini yake ameandika, bila shaka kwa siku nyingi, maana wino unabadilika rangi njiani: *Bwana tufundishe tugawane nyumba hii*. Halafu *M'Ikiara*. Ile y moja aliyoihitaji, ya *nyumba*, ameichora nzuri kuliko zote, na hakuikata.

Sasa kanisani kuna shauri jipya. Vijana wanataka ibada moja iwe ya Kiingereza, na wazee wa leo, Kinoti akiwa mkubwa wao, na mnene, wanasema kanisa hili lilijengwa kwa Kiswahili. Jumapili iliyopita walianza kupandiana sauti palepale mlangoni. Msichana mmoja mdogo wa kwaya, mjukuu wa Mama Akiru, akainua mkono akasema, "Jameni, ngoja kalamu," na wote wakanyamaza. Nilimwuliza baadaye kama anajua neno hilo lilitoka wapi. "Hapana, shosho," akasema, akiniita nyanya, "ni vile husemwa tu hapa." Jana nimenunua daftari jipya. Jumatano saa tisa nitakaa chini ya ubao, na watanisubiri.